Mlamula wa Karwa

16 Juni

Nimetoka ibadani na kumkuta mwanangu Lameck amekaa kizingitini, akijifunga kitambaa gotini. Alipigwa fimbo asubuhi huko Karwa. Aliyempiga ni kijana wa ng'ambo, na ugomvi ulikuwa juu ya siku. Lameck alisema leo ilikuwa zamu yetu. Yule kijana akasema ni yao, kwa kuwa jana walikuwa na msiba wakaikosa zamu yao.

Nitaandika kila linalotokea mpaka mvua zitakapoanza, kwa sababu habari za Karwa kila mtu huzisimulia kwa namna yake, na nataka pawe na mahali pamoja zilipowekwa kwa utaratibu.

Karwa ni kisiwa katika Mto Kagera, ukishuka kutoka Murongo. Zamani mto ulipita kaskazini yake, na Karwa ilishikamana na malisho yetu kwa kinamasi tu. Mwaka wa mafuriko makubwa mto ulihama, ukapasua njia mpya kusini. Tangu hapo sisi tunasema Karwa ni Tanzania, maana mpaka ni mkondo wa zamani. Wa ng'ambo wanasema ni Uganda, maana mpaka ni mto, na mto upo pale ulipo. Serikali zote mbili zimekwisha kuarifiwa, na zote mbili zimejibu kwamba zitalitazama jambo hilo.

Wakati zinalitazama, ng'ombe wanapaswa kula. Kiangazi nyasi mbichi zinabaki Karwa peke yake. Udongo wa chumvi ambao ng'ombe hulamba uko Karwa. Na pale kwenye mawe, ambapo maji ni ya kina kifupi na mamba hana pa kujificha, ndipo mahali pekee ambapo kundi hunywa kwa usalama.

17 Juni

Elipidius, mwenyekiti wa kijiji, amekuja. Nilimfundisha darasa la nne hadi la saba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pangusa viatu."

Akapangusa. Kisha akasema, "Mwalimu, hawa watu wametuzoea. Leo ni goti, kesho itakuwa kichwa."

Nikamwambia kwamba kosa si la yule kijana wala la Lameck. Kosa ni la utaratibu wenyewe, ambao si utaratibu. Tangu mto uhame, vijiji viwili vinagawana Karwa kwa moto. Katikati ya kisiwa kuna kikome, yaani ule moto wa samadi kavu ambao wafugaji huuwasha ili moshi uwafukuze nzi. Wanaolisha leo, jioni huyafunika makaa kwa majivu na samadi, wakaondoka. Wanaokuja kesho huyafukua. Wakikuta makaa, ni zamu yao na wamekaribishwa. Wakikuta pamezimwa, kuna neno. Moshi ukishapanda, upande wa pili unauona kutoka kwao na kukaa nyumbani.

Ndiyo sheria yote. Haisemi lolote kuhusu msiba, wala ugonjwa, wala mtu aliyechelewa kuamka. Nimeshangaa kwamba imedumu hata hivi.

20 Juni

Tumeanika kahawa. Mackrine, mke wangu, ananilaumu kwamba naigeuza mno.

23 Juni

Baada ya ibada nilivuka na Elipidius na Lameck mpaka Karwa kuonana na wenzetu. Kiongozi wao ni Twinomujuni, ambaye ni mkwe wangu: binti yangu Kemigisha ameolewa na mwanawe, Twesigye. Lugha ni ile ile; wao wanaiita kwa jina lao na sisi kwa letu.

Twinomujuni alichelewa, kama kawaida yake, akaja akicheka, akaanza kuniuliza habari za kahawa, za mgongo wangu, za mchungaji mpya. Ni mtu anayezunguka nyumba yote kabla ya kuingia mlangoni. Nilipomkatiza na kusema shauri langu, aliacha kucheka.

Shauri langu ni hili: tupande mlamula, mti wa mpaka. Katika nchi yetu hakuna mtoto asiyeujua. Ndugu wawili wakigombania shamba, wazee huupanda mlamula kati yao, na ugomvi unakwisha. Haufi upesi, hausogei, na mtu akiung'oa anashtakiwa. Nimekaa katika baraza la kata miaka mingi. Kesi zenye mlamula huchukua asubuhi moja, kesi zisizo nao hurithiwa na wajukuu. Tukiupanda kutoka mashariki hadi magharibi katikati ya Karwa, kusini patakuwa petu, kaskazini pao, na hakuna atakayemsubiri mwenzake.

Vijana wa pande zote mbili walishangilia. Twinomujuni peke yake ndiye aliyekuna kidevu.

"Mkwe, mawe ya kunywea yako kusini. Chumvi iko kaskazini. Huyu ng'ombe utampasua katikati?"

Watu wakacheka. Nikamwonyesha mkondo wa zamani upande wao, ambao bado ulikuwa na madimbwi makubwa. Nikamwambia kwamba maji anayo, na kwamba kwa chumvi tutaruhusiana kiungwana.

"Kiungwana," akasema. "Haya. Wewe ndiye mwalimu."

25 Juni

Tumepanda. Nilileta vipande vya mlamula kutoka mpakani mwa shamba langu, Twinomujuni akaleta vya kwake. Nilivuta kamba mwenyewe ili mstari usipinde. Kwa kuwa mstari ulipita juu ya kikome cha zamani, tulikizima, kila upande ukawasha chake.

Kazi safi. Nimerudi nyumbani mgongo ukiniuma na roho ikiwa imetulia.

26 Juni

Hakuna ugomvi.

3 Julai

Hakuna ugomvi. Asubuhi moshi unapanda mara mbili, wao na sisi, kila siku. Lameck anasema kundi linashiba kuliko mwaka jana.

7 Julai

Mchungaji ametaja amani ya Karwa katika maombi. Watu waligeuka kunitazama. Nilitazama mbele.

12 Julai

Jua ni kali kuliko nilivyozoea. Mlamula umeshika, nimeona majani mapya.

Lameck anasema madimbwi ya upande wao yamekuwa tope. Jana Twesigye aliwavusha ng'ombe wake kuja kunywa kwenye mawe, na leo tena.

"Aliomba?" nikauliza.

"Jana aliomba. Leo alipiga mluzi tu."

"Mwambie aombe."

17 Julai

Lameck aliwarudisha ng'ombe wa Twesigye kutoka mstarini, kwa kuwa walikuja tukiwa bado tunanywesha. Walisubiri hadi mchana. Siku hiyo hiyo wa ng'ambo wakawafukuza ndama wetu kutoka kwenye chumvi. Nimesema kwamba kila upande ulikuwa ndani ya haki yake. Mackrine alikuwa akipepeta maharage. Hakuinua kichwa.

"Haki zenu ni nyingi mwaka huu," akasema.

21 Julai

Wameziba chumvi kwa miiba.

22 Julai

Vijana wetu wameziba mawe kwa miiba. Lameck ndiye aliyeongoza. Elipidius aliwapelekea mapanga.

Nilimwita Lameck nikamuuliza kwa amri ya nani.

"Baba, mpaka si uliupanda wewe? Sisi tumeweka uzio kwenye shamba letu."

Kwa sheria ile niliyoitunga mwenyewe, alikuwa sahihi.

"Na dada yako?"

"Dada ana mume. Mume ana baba. Baba yake ana mto mzima huko chini."

Huko chini, mikondo miwili inapokutana tena, maji ni meusi na kingo zimesimama wima. Hakuna mfugaji anayenywesha pale kwa hiari yake.

24 Julai

Kemigisha amekuja. Hakupita Karwa, alizunguka kwa bodaboda hadi Murongo, akavuka daraja na kukaguliwa kama mgeni, akapanda nyingine hadi hapa. Vumbi lilikuwa limemgeuza rangi. Alipiga goti akanisalimu vizuri, akamsalimu mama yake, kisha akamgeukia kaka yake, aliyekuwa akinoa panga uani.

"Lameck, ng'ombe uliyenipa nilipojifungua, unamkumbuka? Yule mwenye baka shingoni."

"Namkumbuka."

"Ananyweshwa kwa ndoo siku ya tatu leo. Nachota mimi, mtoto mgongoni, na Twesigye anasimama na mkuki. Ulinipa ili nimtazame akifa?"

"Wao ndio walioanza kuziba chumvi."

"Sikuulizi kuhusu wao. Nimeuliza kuhusu ng'ombe."

Lameck alisema kwamba akimfungulia dada yake, kesho kijiji kizima cha ng'ambo kitakuwa dada yake. Kemigisha akacheka, kicheko kibaya, akasema angalau kijiji kizima kingemwita shemeji.

Kisha akanigeukia mimi. Nilimweleza kwamba jambo hili lina njia zake, kwamba tutaitisha kikao cha pande zote mbili, na kwamba haifai mtu mmoja kuvunja makubaliano kwa ajili ya mtu wake. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilimlea asikatize watu.

"Sawa, baba," akasema.

Hakula. Mama yake alimfungia ndizi na kumsindikiza hadi barabarani.

28 Julai

Tumeombea mvua. Kikao hakijafanyika, kila upande unataka mwenzake aondoe miiba kwanza.

2 Agosti

Upepo mkavu. Maziwa yamepungua. Ng'ombe wetu wanatafuna vitambaa na mifupa kwa kukosa chumvi.

5 Agosti

Hivyo hivyo.

8 Agosti

Naandika haya kama yanavyokuja, na sitasahihisha.

Asubuhi nilishuka Karwa kukagua mstari, kama nifanyavyo kila juma. Lameck alikuwa kwenye mawe akinywesha. Tulisikia kelele kutoka huko chini, maji yanapokutana. Kwanza nilidhani ni kiboko. Kisha nikasikia jina la binti yangu likiitwa na sauti ya mwanaume, na baada ya hapo sauti ya binti yangu mwenyewe, isiyo na maneno.

Lameck alinitangulia. Aliupita uzio wake mwenyewe wa miiba kama vile haupo. Nilimwona akitoka upande wa pili damu ikimtiririka kifuani. Akauruka mlamula. Nami nikauruka nilivyoweza.

Ndama wao alikuwa ameteleza kutoka ukingoni, Twesigye akamshika mkia, mamba akamwacha ndama na kumshika Twesigye mkono wa kushoto. Tulipofika, Kemigisha alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, amemshika mumewe kiunoni, miguu yake imejikita kwenye mzizi wa mti. Lameck alimrukia yule mnyama ndani ya maji. Siwezi kuandika aliyoyafanya, kwa sababu niliona panga na povu tu. Mamba aliachia. Mkono ulibaki ukining'inia kwa ngozi tu.

Twinomujuni alifika na vijana wao. Aliufunga mkono kwa shuka lake, wakambeba Twesigye juu ya kitanda cha miti hadi barabara ya kwao. Hakuna aliyetutazama. Kemigisha aliondoka nyuma ya wabebaji bila kugeuka.

Tulirudi kwa njia ile ile. Tulipofika kwenye mawe, Lameck alisimama akatazama lile pengo alilolitoboa kwa mwili wake. Kisha akaanza kuokota miiba na kuliziba.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema, na akaendelea kuziba.

Sikumzuia. Sijui kwa nini sikumzuia.

11 Agosti

Nimevuka kwa Murongo kumtazama Twesigye. Yuko nyumbani kwa baba yake. Hospitali waliukata mkono chini ya kiwiko. Amelala akiwa amegeukia ukutani. Nilimpa pole, akaitikia kwa heshima zote.

Twinomujuni alinikaribisha kiti. Tulikaa. Aliniuliza habari za safari, nikajibu. Tukakaa tena. Niliona kikapu chao cha kahawa ya kutafuna kikiwa mahali pake, juu ya meza ndogo karibu na mlango. Katika nyumba yoyote ya ng'ambo au ya kwetu mgeni hapiti hapo bila kupewa punje. Hata anayekuja kudai hupewa.

Sikupewa. Nilikaa muda unaostahili, nikaaga.

13 Agosti

Elipidius alikuja akiwa na furaha. Maofisa wa wilaya zote mbili watafika Karwa tarehe ishirini na saba. Wamesikia habari za mamba. Wamesikia pia kwamba wanavijiji wenyewe walikwisha kupanda mpaka, na wanataka kuupima na kuuwekea alama za zege kama mstari uliokubaliwa, mpaka hapo wakubwa watakapoamua vinginevyo.

"Unaelewa, Mwalimu? Mawe yanabaki kwetu. Maji yanabaki kwetu, sisi na watoto wetu."

"Na chumvi?"

"Chumvi tutanunua dukani." Akanitazama. "Mwalimu, mbona hufurahi? Kazi ni yako."

Nilimwambia kichwa kinaniuma. Ilikuwa kweli.

18 Agosti

Sikwenda ibadani.

Nimeufikiria mstari ule kila siku tangu Elipidius aje. Katika baraza, tulipopanda mlamula kati ya ndugu wawili, kila mmoja alikuwa na kisima, na migomba, na njia. Tulipasua kitu ambacho nusu yake ilitosha kuishi. Karwa haina nusu. Yule mtu anayechelewa na kuzungukazunguka aliliona hilo mbele ya watu wote, nami nilimjibu kwa madimbwi.

Alama za zege zikiwekwa, mto wa huko chini utakuwa mahali pa kunyweshea pa binti yangu maisha yake yote.

20 Agosti

Nimevuka tena kwa Murongo. Safari hii Twinomujuni alikuwa nje, akirekebisha zizi. Hakuacha kazi.

"Mkwe, nimekuja tuung'oe mlamula."

Alipigilia mti, akautikisa kuona kama umeshika.

"Mwenye kuung'oa anashtakiwa. Ulinifundisha mwenyewe."

"Anayeung'oa peke yake. Ulipandwa na wawili."

"Vijana wangu wanataka damu, Mwalimu. Wanasema mwanao alikuwa na maji akamwacha Twesigye aende kwa mamba."

"Wanasema kweli. Na wanasema pia ni nani aliyeingia majini?"

"Hilo wanalisema kwa sauti ndogo." Akakaa juu ya gogo. "Na tukiung'oa, halafu? Turudi kwenye moto ule uliosema si utaratibu?"

"Ndiyo."

"Ulisema hauna neno lolote kuhusu msiba."

"Ulikuwa nalo. Mngekuja kutuambia mmefiwa, tungewaachia siku. Mlisahau kuja, nasi tukasahau kuuliza."

Ng'ombe mmoja alikohoa zizini, kikohozi cha kiu.

"Jumamosi," akasema. "Mchana, watu wote waone. Sitaki iitwe wizi."

24 Agosti

Tumeung'oa.

Niliwaambia Mackrine na Elipidius asubuhi, ili asiwepo wa kusema hakuarifiwa. Mackrine alinipa jembe. Elipidius aliniambia kwamba atanishtaki. Nikamwambia kwamba ni wajibu wake.

Watu walijaa pande zote mbili. Upande wao wengine walishika mikuki. Nilianza mashariki, Twinomujuni magharibi, tukielekea katikati. Mlamula ulikuwa umeshika vizuri, mizizi imekunjana. Niliupanda kwa uangalifu na sasa uangalifu huo ulinigharimu. Kijana mmoja wa kwao aliniita mzee mchawi. Mmoja wa kwetu alisema, "Mwalimu ameuza maji kwa ajili ya mkwewe." Nikaendelea kuchimba.

Karibu na katikati Lameck alisimama mbele ya shina.

"Baba, simama."

"Toka hapo."

"Ukiung'oa huu, mimi niliwafukuza watu kwa ajili ya nini? Twesigye amepoteza mkono kwa ajili ya nini?"

Wote walisikia.

"Kwa ajili ya mstari wangu," nikamwambia. "Wewe uliulinda. Mwenye nao ni mimi. Toka, mwanangu."

Alitoka, si upesi. Twinomujuni alikuwa amefika upande wa pili wa shina lile. Tulilivuta pamoja, yeye akiguna, mimi nikiogopa mgongo wangu. Lilipotoka tulikaa chini wote wawili kwa kishindo, na mtoto fulani akacheka, akapigwa kofi na mama yake.

Palepale tulipokaa palikuwa na majivu ya kikome cha zamani.

Vijana waliondoa miiba ya chumvi. Miiba ya mawe iliondolewa na Lameck peke yake, alikataa kusaidiwa.

27 Agosti

Maofisa wamefika, wa kwetu na wa kwao, na askari, na mtu mwenye chombo cha kupimia. Elipidius aliwaongoza hadi mahali penye mashimo.

"Mpaka uko wapi?" akauliza ofisa wa kwetu.

"Uling'olewa," nikasema.

"Na nani?"

"Na mimi, na huyu. Tuliupanda wenyewe, tukaona haufai."

"Mzee, unajua kwamba sisi tumekuja kwa ajili ya huo mstari?"

"Najua. Ndiyo maana tumeuondoa kabla hamjafika."

Ofisa wa kwao aliuliza kabla ya mstari tuligawanaje. Twinomujuni akaeleza habari za moto. Askari mmoja alitabasamu. Maofisa wakajitenga kando wakaongea, wakarudi. Wamesema hawana mstari wa kupima, hivyo jambo linarudi juu kama lilivyokuwa. Hadi hapo, watu watatumia Karwa kwa zamu. Lakini fimbo moja ikimgusa mtu, au panga, kisiwa kitafungwa kwa wote, na askari watakaa hapa.

Elipidius hakuniaga. Kesi yangu iko barazani mwezi ujao.

28 Agosti

Hakuna aliyekwenda Karwa. Lameck alisubiri moshi wao. Haukupanda.

29 Agosti

Haukupanda. Hakuna makaa kisiwani, kwa hiyo hakuna zamu ya mtu. Akitangulia wa kwetu, watasema tumenyakua. Akitangulia wa kwao, watu wetu watasema hivyo hivyo. Nyasi ziko pale, maji yapo pale, na makundi mawili yamesimama kila moja ng'ambo yake yakilia. Lameck hatoki nje ya boma.

"Nikienda nikakutana na Twesigye, nimtazame wapi?" akaniuliza.

30 Agosti

Nimechukua makaa kutoka jikoni kwa Mackrine, ndani ya kigae cha chungu, nikavuka nayo kivukoni huku maji yakinifika mapajani. Mackrine alinishikia mkono hadi katikati ya mto, akabaki hapo amesimama.

Niliyaweka mahali pa kikome cha zamani, nikayawekea samadi kavu hadi yakashika, nikayafunika kwa majivu. Sikuwa na ng'ombe hata mmoja. Sikuacha moshi upande. Kisha nikarudi; wa ng'ambo waliokuwa ukingoni kwao waliniona.

31 Agosti

Kutwa nimekaa uani nikitazama mtoni. Mackrine aliniletea uji, ukapoa.

Baada ya umande kukauka, moshi ulipanda Karwa. Mmoja tu. Tuliwasikia ng'ombe wao wakiteremka kwenye mawe.

1 Septemba

Leo ni Jumapili, na sikwenda ibadani. Nimwombe Mungu radhi. Nilivuka na Lameck na kundi letu, tukiwa hatujui tutakuta nini.

Shina moja la mlamula lililobaki ardhini lilikuwa limechipua. Lameck aliliona kabla yangu. Aliling'oa, akalitupa mtoni, akanawa mikono.

Kwenye kikome nilipiga magoti nikafukua majivu. Makaa yalikuwepo, mekundu, yamefunikwa vizuri; ilionekana aliyeyafunika alitumia mkono mmoja, kwa kuwa majivu yalikuwa yamesukumwa kutoka upande mmoja tu. Juu ya jiwe la pembeni palikuwa na kifurushi cha jani la mgomba, kimefungwa kwa uzi wa gome. Ndani yake palikuwa na kahawa ya kutafuna.

Nilimpa Lameck punje, nikachukua moja. Alitafuna akiwa amegeuka pembeni.

Ng'ombe walikunywa, wakalamba, wakala. Jioni Lameck aliniuliza kama auzime moto, maana upepo ulikuwa mkali na nyasi zilikuwa zimeanza kukauka. Nikamwambia aufunike vizuri. Kesho ni siku yao.